Habari za Mji wa Bagamoyo na Maana ya Jina Lake

Wasomaji wetu wengi wamelisikia jina la Bagamoyo, hata wale wakaao mbali na bahari. Ni mji mdogo wa pwani ya Tanzania, kaskazini ya Dar es Salaam, mwendo wa kilometa 65 hivi, nao waelekea kisiwa cha Unguja kilicho ng'ambo. Mgeni auingiaye leo haoni mambo ya kumshangaza sana. Ataona nyumba za mawe za kale, nyingine zimebomoka. Ataona milango ya mbao yenye nakshi, minazi mingi, na wavuvi wakitengeneza nyavu zao ufukoni. Lakini kwa muda wa miaka mingi mji huu ulikuwa lango la bara, na mambo ya nchi za mbali, tangu Unyamwezi hata Ujiji na Buganda, yalipita katika njia zake nyembamba. Katika makala haya twataka kusimulia kwa ufupi habari zake, kisha tulipime jina lake. Tumeona ya kuwa watu wengi huwafundisha watoto maana moja tu ya jina hilo, nayo, kwa maoni yetu, siyo iliyo karibu na kweli.

Maana zisemwazo ni mbili. Watu wengine husema ya kuwa jina latoka kwa watumwa. Walipoletwa kutoka bara na kuiona bahari kwa mara ya kwanza, walitambua ya kuwa hawatarudi kwao tena, wakaambiana, "Bwaga moyo," yaani, acha moyo wako hapa, mwili utavuka peke yake. Wengine husema ya kuwa jina latoka kwa wapagazi. Hao walipofika pwani baada ya safari ya miezi mitatu, waliitua mizigo yao wakasema, "Bwaga moyo," yaani, pumzika sasa, uondolee moyo wako taabu. Maneno ni yale yale. Bali katika maana moja ni kilio, na katika nyingine ni furaha. Si vema kuchagua kwa kupenda tu. Yatupasa kwanza kujua ni watu gani waliopita katika mji ule, walichukua nini, na midomo ipi ndiyo iliyokuwa na nafasi ya kuupa mahali jina.

Kabla ya Bagamoyo kusifika palikuwa na Kaole. Magofu yake yapo hata leo, mwendo wa kilometa tano hivi kusini ya mji. Pana misikiti miwili ya mawe, na makaburi mengi, mengine yenye nguzo ndefu, na katika nguzo zile watu wa kale walitia mabakuli ya Kichina kuwa pambo. Wataalamu wasema ya kuwa majengo ya kwanza ni ya karne ya 13. Basi watu wa pwani hii walifanya biashara na ng'ambo zamani sana, kabla Mreno wa kwanza hajaonekana katika bahari yetu. Baadaye mikoko ikaizingira bandari ya Kaole, na vyombo vikaiacha kidogo kidogo. Lakini katikati ya karne ya 19 palikuwa bado na askari wa Kibulushi wa Sultani wa Unguja, na mwaka 1857 Burton na Speke walipokwenda kulitafuta ziwa la Tanganyika, hapo ndipo walipoanzia safari.

Wenyeji wa mji ni Washomvi, Waswahili wa Mrima ambao hujinasibu na Barawa, upande wa kaskazini. Walitawaliwa na majumbe na madiwani wao, walivua samaki, wakapika chumvi, wakafanya biashara na watu wa nyuma yao, yaani Wazaramo, Wakwere, na Wadoe. Wazee husimulia ya kuwa zamani Wakamba waliishambulia pwani, na Washomvi hawakuweza kuwaondoa. Ndipo walipomwita Pazi, mkuu wa Wazaramo, akaja na watu wake akawafukuza. Tangu siku ile Washomvi wakawa wakimpa Pazi na watoto wake ada kila mwaka. Twaitaja hadithi hii kwa sababu yatufundisha jambo moja: mji wa Bagamoyo haukuwa wa bahari peke yake. Tangu mwanzo uliishi kwa hisani ya watu wa bara, na bila wao usingalikuwa kitu.

Biashara ilizidi sana baada ya Sultani Said bin Sultan kuhamia Unguja, karibu na mwaka 1840. Watu wa Ulaya na Marekani walizitaka pembe za ndovu kwa vitana, kwa mipira ya mchezo wa mezani, na kwa vidole vya kinanda. Watu wa Bara Hindi walizitaka kwa bangili za maarusi wao. Sandarusi nayo, ambayo huchimbwa katika mchanga wa Mrima, ilitakiwa kwa kutengeneza rangi za kung'arisha mbao. Kutoka ng'ambo zilikuja nguo za merikani na kaniki, ushanga, na nyaya za shaba. Unguja iko karibu na Bagamoyo. Jahazi lenye upepo mwema lilivuka kwa muda wa saa chache. Na kutoka Bagamoyo njia ilikwenda moja kwa moja hata Unyanyembe, penye mji wa Tabora, na kutoka huko hata Ujiji penye ziwa, mwendo wa zaidi ya kilometa elfu.

Basi mizigo ile ilichukuliwa na nani? Katika nchi nyingi za njia ile palikuwa na mbung'o, na punda na ng'ombe hawakuishi. Kila pembe na kila mtumba ulikwenda juu ya bega la mtu au juu ya kichwa chake. Wapagazi walio wengi walikuwa Wanyamwezi, na pamoja nao Wasukuma na watu wa pwani. Twataka wasomaji wetu waliangalie jambo hili vizuri, kwa sababu limesahauliwa: wengi wa wapagazi hao hawakuwa watumwa. Walikuwa watu huru, walioipatanisha kazi yao kwa ujira na posho, tena walijua kuudai ujira huo. Bwana wa safari akiwapunja, walitua mizigo wakaketi, naye hakuwa na la kufanya. Mzigo wa kawaida ulikuwa karibu na frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na juu yake mpagazi alichukua mkeka wake, sufuria yake, na chakula chake. Wasafiri wa siku zile wameandika ya kuwa Mnyamwezi kijana ambaye hajafika pwani alihesabiwa bado ni mtoto, na wasichana walimcheka.

Safari ilikwenda kwa utaratibu. Mbele alitangulia kirangozi, mwenye kuijua njia, amevaa mavazi mekundu na manyoya kichwani; nyuma yake wachukuzi wa pembe, walio wenye nguvu kuliko wote; kisha wachukuzi wa nguo na ushanga; kisha wake na watoto waliofuatana nao. Walipokaribia pwani walipiga ngoma na bunduki, wakaingia mjini kwa nyimbo, na watu wote wakatoka kuwatazama. Wafanya biashara wa Kihindi na wa Kiarabu waliwapokea, na wapagazi wakatua. Kisha walikaa mjini majuma, pengine miezi, wakingoja mizigo ya kurudi nayo. Wakajenga vibanda, wakalima vibarua katika mashamba, wakanunua nguo za kuwapelekea mama zao na wachumba wao. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 walipita Bagamoyo makumi ya maelfu ya wapagazi kila mwaka. Kwa majira fulani wageni hao walikuwa wengi kuliko wenyeji.

Lakini haifai kuisimulia nusu ya habari na kuificha nusu. Pamoja na watu huru walikuja watu waliofungwa. Walishikwa vitani, au waliibwa njiani, au waliuzwa na wakuu wao kwa sababu ya deni au njaa. Walitembea njia ile ile, wengine wamefungwa shingo kwa panda za mti, wengine kwa minyororo, na waliochoka waliachwa porini. Wenye kuwauza walikuwa Waafrika kwa Waarabu, na wenye kukopesha fedha kwa biashara hiyo walikuwa wa mataifa mengi. Wengine walivushwa kwenda kulima karafuu Unguja na Pemba. Wengine walibaki Mrima katika mashamba ya minazi. Tena twajua ya kuwa watumwa wengi zaidi wa Unguja walipitia Kilwa, wakitoka pande za ziwa la Nyasa, na Bagamoyo palikuwa hasa bandari ya pembe. Jambo hili halipunguzi uchungu wa hao waliopita Bagamoyo. Mama aliyenyang'anywa mtoto wake katika ufuko ule hakuwa na faraja kwa kuwa wa Kilwa walikuwa wengi zaidi.

Sasa na tulirudie jina. Tukitaka kulijua neno, tulisikilize jinsi watu wa lugha yenyewe wanavyolitumia. Kubwaga ni kuangusha kitu kilichobebwa, hasa mzigo. Mpagazi hubwaga mzigo. Mcheza ngoma akichoka hubwaga manyanga, na kwa mfano huo twasema ya kuwa mtu aliyeacha kazi yake amebwaga manyanga. Na kubwaga moyo, katika msemo wa watu wa pwani, ni kutulia, kuburudika, kuondokewa na wasiwasi. Lakini mtu aliyekata tamaa twamwitaje? Twasema amevunjika moyo. Twasema amekufa moyo. Hatusemi amebwaga moyo. Kama jina hili lingalitoka katika kilio, twaona lingalifuata njia ya maneno ya kilio, ambayo Kiswahili kinayo mengi. Tena ni neno la kazi, na kazi yenyewe ni ya kuchukua. Herufi moja tu imemezwa na ndimi za watu kwa haraka ya kusema, Bwagamoyo ikawa Bagamoyo.

Na tuongeze hoja ya pili. Jina la mahali hulitia mtu apitaye mara kwa mara, akaenda na kurudi, akalitaja kwa wenzake nyumbani. Mtumwa alipita mara moja tu. Hakurudi Tabora kuwaambia ndugu zake, "Mahali pale paitwa hivi." Lakini mpagazi alirudi, akalitaja jina kwa moto wa jioni, na mwaka uliofuata mdogo wake akatoka nyumbani akilitamani. Katika safari ngumu, penye kiu na homa na Wagogo wakidai hongo, neno lile lilikuwa kama maji. Na jina lilikuwapo mapema: Speke na Grant walipoanzia safari yao hapo mwaka 1860, mji ulikuwa ukiitwa Bagamoyo.

Tuulinganishe mji huu na jirani zake. Dar es Salaam, ambapo zamani paliitwa Mzizima, palipata jina lake katika siku za Sultani Majid, alipoanza kujenga huko katika miaka ya 1860. Frere Town, karibu na Mombasa, palipoanzishwa mwaka 1875 kwa watumwa waliokombolewa, paliitwa kwa jina la Bartle Frere, mkubwa wa Kiingereza. Majina hayo yalitoka kwa wakubwa. Bali jina la Bagamoyo, kwa kadiri tuonavyo, lilitoka kwa watu wasiokuwa na cheo, wenye sugu mabegani. Miji iliyopewa majina na wachukuzi wake ni michache, na hiyo ni heshima ambayo haifai kuipoteza.

Huenda msomaji akauliza, "Basi kuna ubaya gani watu wakiyasema yale ya watumwa? Si kweli kwamba waliteswa?" Ni kweli, na hatupendi mtu yeyote afikiri ya kuwa twataka kuifuta habari yao. Sisi twaogopa kinyume chake. Twaogopa ya kuwa, tukiisha kuitia huzuni yao katika jina, tutajiona tumewalipa deni lao. Mgeni huja, huambiwa maana ya kusikitisha, hutikisa kichwa, kisha huenda zake. Naye hakuambiwa hata habari moja ya mtu mmoja aliyepita pale. Na huku vijijini mwetu, mtu akigombana na mwenzake, hata leo yumkini akamtupia neno la kuwa babu yake alinunuliwa. Twahuzunika juu ya jina la mji, na papo hapo twawaaibisha wajukuu wa wale wale tunaowahuzunikia! Aibu ilikuwa ya muuzaji na ya mnunuzi. Aliyeuzwa hakutenda neno la kuonewa haya.

Kwa hiyo tukitaka kuwakumbuka watumwa wa Bagamoyo, na tuzitazame habari zenyewe. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliotoka Unguja, walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakapewa mahali kando ya mji. Wakajenga kijiji cha watumwa waliokombolewa, wengine kwa kununuliwa sokoni Unguja, na baadaye wengine waliotwaliwa na manowari za Kiingereza katika majahazi. Walioletwa wengi walikuwa watoto. Kipindupindu kikaja mwaka 1869, kikaua wengi. Tarehe 15 Aprili 1872 ikaja tufani kubwa, ikaangusha karibu majengo yote, na minazi ya Unguja ikalala chini kama majani. Wakaanza upya. Watu wale walijifunza useremala, uashi, na uhunzi, wakapanda minazi, wakaoana wakapewa nyumba na kipande cha shamba. Hatusemi ya kuwa walipata uhuru wote mara moja. Waliamka kwa kengele na kulala kwa kengele, na shauri la kazi na la ndoa halikuwa lao peke yao. Lakini hawakuuzwa tena. Mwaka 1877 wengine wao walikwenda pamoja na mapadre kuanzisha kijiji cha Mhonda katika nchi ya Nguu, wakirudi upande wa bara kwa njia ile ile waliyoletwa nayo wamefungwa. Makaburi ya siku zile yako Bagamoyo hata sasa.

Sheria nazo zilikwenda polepole mno. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano ya kukomesha kuvusha watumwa baharini, na soko la Unguja likafungwa. Mwaka 1876 akakataza misafara ya watumwa bara. Biashara ikaendelea kwa siri. Wadachi, yaani Wajerumani, walipotawala, walikataza kuuza watu, lakini hawakuufuta utumwa wenyewe. Ulifutwa katika Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Basi mtu aliyezaliwa mtumwa katika mashamba ya Bagamoyo mwaka 1868, mapadre walipofika, alikuwa na miaka 54 sheria ilipomwita mtu huru.

Katika habari zote za mzigo uliotuliwa Bagamoyo, hakuna iliyo kubwa kuliko ile ya mwezi wa Februari 1874. Daktari Livingstone alikufa tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Watumishi wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, walifanya shauri la kumrudisha kwao. Wakautoa moyo wake na matumbo, wakayazika chini ya mti. Wakautia mwili chumvi, wakaukausha juani, wakaufunga kwa nguo na magome ya mti kama mtumba wa biashara, wapate kupita penye watu wanaoogopa maiti. Walipofika Unyanyembe, mkubwa mmoja wa Kiingereza, jina lake Cameron, aliwashauri wamzike pale pale. Wakakataa. Walitembea zaidi ya kilometa 1,500, na baadhi yao wakafa njiani. Jioni ya tarehe 24 Februari wakautua mwili ule Bagamoyo, katika kanisa la misioni, na siku ya pili manowari ikauvusha Unguja. Alizikwa London, katika Westminster Abbey, tarehe 18 Aprili 1874.

Twaona hapa ya kuwa moyo wa mzee yule ulibaki Chitambo. Uliofika Bagamoyo ni mwili tu. Na hao walioubeba walikuwa nani? Chuma na wengine kadha wa kadha waliwahi kuwa watumwa, wakafunguliwa wangali vijana. Walikwenda kwa hiari yao, bila bwana wa kuwalazimisha, wakausimamia mzigo wao hata mwisho. Katika mtu mmoja kama Chuma, mtumwa na mpagazi huru wamekutana. Lakini siku ile walipoutua, kazi yao ilihesabiwa imekwisha. Walilipwa ujira wao wakatawanyika, na mmoja tu wa msafara ule, Jacob Wainwright, ndiye aliyefuatana na jeneza hata kaburini. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye, mazishi yamekwisha.

Baada ya miaka kumi na minne mji uliona vita. Mwezi wa Aprili 1888 Sultani Khalifa aliikodisha pwani ya Mrima kwa kampuni ya Wadachi kwa muda wa miaka 50, na mwezi wa Agosti wakaja kuzitwaa forodha. Watu wa pwani hawakuulizwa. Wakaondoka kupigana, wakiongozwa na Bushiri bin Salim wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani. Bagamoyo ulipigwa mizinga na manowari, nyumba zikaungua, na watu maelfu wakakimbilia katika mashamba ya misioni, Waislamu na Wakristo pamoja. Mwezi wa Mei 1889 Wissmann na askari wake wakalivunja boma la Bushiri lililokuwa karibu na mji, na tarehe 15 Desemba mwaka ule Bushiri akanyongwa Pangani. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy aliyatungia mambo hayo utenzi. Wadachi wakaweka makao ya serikali yao Bagamoyo, wakajenga boma, forodha, na nyumba ya kupokea wasafiri na mizigo yao. Sewa Haji, tajiri wa Kihindi aliyepata mali yake kwa kuwatafutia wasafiri wapagazi, alitoa jumba kubwa liwe shule ya watoto wa kila taifa. Na mwenyeji mmoja wa mji, Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, aliandika desturi za Waswahili katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1903 na Carl Velten. Kwa kalamu yake twazijua desturi nyingi ambazo zingalipotea.

Lakini bahari ya Bagamoyo ni ya kina kifupi. Maji yakitoka, majahazi hukaa juu ya mchanga, na merikebu kubwa husimama mbali. Kwa sababu hiyo mwaka 1891 Wadachi walihamishia makao makuu Dar es Salaam, penye bandari ya kina. Mwaka 1905 wakaanza kujenga reli kutoka huko. Ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Gari moja likachukua mizigo ya mamia ya watu. Vibanda vya Wanyamwezi vikabomoka, wafanya biashara wakafunga maduka wakahama, na mji uliokuwa na kelele za watu wa makabila ishirini ukabaki na kelele za mawimbi. Mwaka 1916, katika vita vikuu, Waingereza wakautwaa, na hawakuubadili sana.

Siku hizi watu wauheshimu mji kwa mambo mengine. Tangu mwaka 1981 kuna chuo cha sanaa, na vijana hufundishwa ngoma na michezo ya kuigiza, hata wageni wa mbali huja kutazama. Mwaka 2006 serikali ya Tanzania iliitaja njia kuu ya pembe na watumwa, tangu Ujiji hata Bagamoyo, katika orodha ya mahali inapotaka pahesabiwe urithi wa dunia. Ni jambo jema. Lakini urithi haulindwi na orodha peke yake. Hulindwa na watu wanaoweza kuwaeleza watoto wao habari kamili.

Kwa hiyo twawaomba waalimu wenzetu na wazee wa vijiji: mtoto akiuliza maana ya Bagamoyo, mwambieni ya kuwa ni neno la mpagazi akitua mzigo wake. Kisha msinyamaze hapo. Mwambieni ya kuwa katika ufuko ule ule, siku ile ile, alikuwapo mwingine ambaye hakuwa na ruhusa ya kutua, naye hakuachiwa nafasi ya kupaita mahali pale kwa neno lake. Tena yaulizeni majina ya vijiji vyetu wenyewe wakati wazee wangali hai: nani aliyelitia, alikuwa akifanya kazi gani, na nani aliyekuwapo asiulizwe. Yaandikeni katika daftari la shule, na mwandike na jina la mzee aliyesema, ili wajukuu wakibishana siku moja, wapate mahali pa kuanzia.